Msukosuko wa Hewa Karibu na Ardhi: Kwa Nini Moshi wa Alfajiri Hauondoki

Na Mwandishi Wetu

Miongoni mwa maneno yanayosikika mara kwa mara katika taarifa za hali ya hewa nchini yapo haya: mawingu kiasi, vipindi vya jua, upepo hafifu. Mwananchi anapoyasikia hutulia, kwa kuwa hakuna onyo la mvua kubwa wala la mawimbi, na mvuvi, mkulima na msafiri huendelea na shughuli zao. Hata hivyo, kwa mkazi wa bondeni, kwa jirani wa dampo, kwa mama anayepikia mkaa uani na kwa mtoto mwenye pumu, usiku wa anga angavu usio na upepo ndio ambao hewa yake huwa chafu kuliko nyakati nyingine nyingi. Sababu haiko katika wingi wa moshi peke yake. Iko pia katika jambo ambalo taarifa hizo kwa kawaida hazilitaji kwa jina, nalo ni kama hewa ya chini inachanganyika na hewa ya juu yake au imelala.

Makala hii inaeleza namna hewa ya karibu na ardhi inavyochanganyika mchana na kutulia usiku, na maana ya mabadiliko hayo kwa afya, kilimo na usafiri.

Tabaka tunaloishi ndani yake

Sehemu ya angahewa yenye mawingu na mvua, katika nchi za tropiki, hufika kimo cha takriban kilomita 16 hadi 18. Binadamu hata hivyo huishi, hupika, huchoma taka na huvuta pumzi katika sehemu ya chini kabisa, ile inayoguswa moja kwa moja na joto la ardhi, ubaridi wake na mikwaruzo ya milima, miti na majengo. Wataalamu huiita tabaka la mpaka. Mchana wa jua kali kimo chake hufika kilomita 1 hadi 2, na katika maeneo makame huweza kuzidi hapo. Usiku mtulivu tabaka hilo hupungua hadi makumi ya mita au mita mia chache tu.

Tofauti hiyo si ndogo. Moshi uliosambaa ndani ya kimo cha mita 1,500 mchana, ukitolewa kwa kiasi kilekile usiku ndani ya kimo cha mita 100, huwa mzito mara 15. Hakuna aliyeongeza kuni wala mkaa. Kilichotokea ni kwamba dari la chumba kikubwa tunachoishi sote limeshuka.

Msukosuko ni nini

Mwaka 1883 mhandisi Osborne Reynolds, aliyekuwa akifundisha mjini Manchester, Uingereza, alipitisha maji katika bomba la kioo na kuingiza katikati yake uzi mwembamba wa maji ya rangi. Maji yalipokwenda polepole, uzi ule ulinyooka kutoka mwanzo hadi mwisho wa bomba bila kuchanganyika na maji yaliyouzunguka. Alipoongeza mwendo, ulifika wakati ukatetemeka, ukakatika, na bomba zima likajaa rangi. Ule mwendo wa kwanza ni mtiririko tulivu, na wa pili ndio msukosuko.

Aliyepata kufukiza udi katika chetezo ndani ya chumba kilichofungwa ameliona jambo hilo bila kuhitaji bomba la kioo. Moshi hupanda wima kwa kiasi fulani kama utepe, kisha ghafla huanza kujikunja, kujipinda na kutawanyika. Kimo ambacho utepe huvunjika ndicho mpaka kati ya utulivu na msukosuko.

Umuhimu wa msukosuko huonekana pale unapokosekana. Chembe za hewa husambaa zenyewe hata hewa ikiwa imetulia kabisa, lakini kwa mwendo wa kobe. Kwa njia hiyo pekee, harufu ingehitaji saa kadhaa kusafiri mita 1. Tena umbali ukiongezeka mara 10 muda huongezeka mara 100, kwa hiyo kusafiri mita 10 kungechukua wiki kadhaa. Kila mtu anajua kwamba harufu ya samaki anayekaangwa nyumba ya tatu haichukui mwezi kumfikia. Kinachoileta ni mizunguko ya hewa, mikubwa ikiwa na upana wa kilomita moja au zaidi, midogo ikiwa ya milimita chache. Mizunguko mikubwa huzaa midogo, midogo huzaa midogo zaidi, na mwishowe nguvu yote huishia kuwa joto dogo lisilohisika.

Mizunguko hiyo huzaliwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni upepo kusuguana na ardhi: hewa iliyogusa majani, kuta na mawe hupunguzwa mwendo ilhali ile ya juu yake inaendelea kukimbia, na tofauti hiyo huifanya ipinduke. Njia ya pili ni joto. Ardhi iliyochomwa na jua huipasha hewa iliyoigusa, nayo ikiwa nyepesi hupaa, huku hewa ya baridi ikishuka kuchukua nafasi yake. Usiku hali huwa kinyume: hewa baridi, ambayo ni nzito, hukaa chini, na kila inaposukumwa juu hurudi ilikotoka. Mwaka 1920 mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, Lewis Fry Richardson, alionyesha kuwa mvutano huo unaweza kupimwa kwa namba moja inayolinganisha uzito wa hewa baridi unaozuia mizunguko na nguvu ya upepo inayoizalisha. Namba hiyo ikizidi takriban robo, msukosuko hufifia. Hadi leo jina lake limebaki katika namba hiyo, na wanaotabiri hali ya hewa kwa kompyuta wanaendelea kuitumia.

Siku moja ya hewa

Tuchukue siku ya kiangazi katika nchi ya wazi ya katikati mwa Tanzania, mathalani kandokando ya Dodoma, mwezi Agosti, anga likiwa halina wingu.

Kabla ya jua kuchomoza ardhi imekwisha kupoteza joto lake kwa usiku mzima. Hewa iliyoigusa imepoa kuliko ile iliyo mita 50 au 100 juu yake. Kwa kawaida hewa hupungua joto kadiri mtu anavyopanda, kwa takriban nyuzi joto 1 kila mita 100 pale inapochanganyika vizuri ikiwa kavu. Alfajiri hiyo mambo yamepinduka, na hewa ya joto imekaa juu ya hewa baridi kama kifuniko juu ya sufuria. Moshi wa jiko la kwanza hupanda kidogo, hufika chini ya kifuniko, kisha hutandaa kama shuka iliyotandikwa juu ya mapaa. Anayetazama kutoka kilimani huona mstari ulionyooka kana kwamba umechorwa kwa rula.

Saa za hali hiyo ndizo pia saa ambazo adhana ya msikiti wa mbali au ngoma ya kijiji cha ng'ambo husikika kwa uwazi usio wa kawaida. Ukimya wa usiku unachangia, ila si huo tu. Sauti hukimbia zaidi katika hewa ya joto, kwa hiyo inapokutana na tabaka la joto lililo juu hupindwa na kurudi chini badala ya kupotelea angani. Kifuniko kinachozuia moshi ndicho kinachorudisha sauti.

Jua likitoka, ardhi huanza kupashwa. Hewa ya chini huchemka kidogokidogo na kukila kifuniko kutoka chini kwenda juu. Kazi hiyo huchukua saa mbili, tatu au zaidi kutegemea ubaridi wa usiku uliopita. Katika muda huo hutokea jambo linalowashangaza wengi. Moshi wa bomba refu la kiwanda, uliokuwa umehifadhiwa usiku kucha juu ya tabaka baridi bila kumgusa mtu, hufikiwa na mizunguko inayopanda na kuvutwa ghafla hadi ardhini. Kwa sababu hiyo wakazi wa karibu na kiwanda wanaweza kulalamikia harufu kali saa 3 asubuhi ilhali saa 11 alfajiri hawakusikia kitu, na kiwanda hakijabadili chochote. Ofisa anayepokea malalamiko hayo asiwadhanie kuwa wanazua.

Kufikia adhuhuri kifuniko kimevunjika. Nguzo za hewa ya moto hupaa kwa mwendo wa mita 1 hadi 2 kwa sekunde, na kilichotolewa ardhini huweza kufika kimo cha kilomita moja kwa robo saa au chini yake. Tai na mwewe huzunguka humo bila kupiga bawa. Katika viwanja vya vumbi huonekana kisulisuli, ambacho watu wengi hukihusisha na mambo ya ajabu, nacho ni mmoja tu wa mizunguko hiyohiyo uliobahatika kuokota vumbi na hivyo kuonekana kwa macho. Mingine yote iko pale, haionekani.

Jioni huja mabadiliko ya haraka kuliko ya asubuhi. Asubuhi kifuniko huliwa polepole, lakini jioni msukosuko unaweza kuzimika ndani ya saa moja, hata kabla ya jua kuzama, mara tu ardhi inapoanza kutoa joto zaidi ya inavyopokea. Mawingu yakiwepo hulirudisha joto hilo chini kama blanketi na ardhi haipoi sana. Anga likiwa angavu, joto hupotelea juu na kifuniko hujengeka upya. Wakati huohuo upepo wa kimo cha mita mia chache, ukiwa sasa haushikwi tena na msuguano wa ardhi, unaweza kuongeza kasi. Ndiyo maana mtu aliyekaa barazani bila hata jani kutikisika huona mawingu mepesi yakikimbia mbele ya mwezi.

Yaliyotokea London

Mfano unaotajwa kuliko yote ni wa jiji la London, kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba, 1952. Jiji hilo lilikuwa limechoma makaa ya mawe kila majira ya baridi kwa vizazi vingi, na moshi na ukungu havikuwa vigeni kwa wakazi wake. Wiki ile mgandamizo mkubwa wa hewa ulitulia juu ya kusini mwa Uingereza. Upepo ulikufa. Hewa ya joto ikakaa juu ya hewa baridi, na moshi wa majiko ya nyumbani, viwanda na vituo vya kufua umeme ukabaki chini, siku baada ya siku, ukichanganyika na ukungu.

Watu walitembea mbele ya mabasi wakiwa na taa ili madereva wapate kuona njia. Katika ukumbi wa Sadler's Wells onyesho la opera lilikatishwa kwa kuwa ukungu uliingia ndani hadi watazamaji wakashindwa kuliona jukwaa. Ng'ombe walioletwa kwa maonyesho ya mifugo walikufa. Lakini hapakuwa na kengele ya hatari iliyopigwa, na wengi waliona ni kero ya kawaida iliyozidi kidogo. Upepo wa magharibi ulipofika tarehe 9 na kuuondoa moshi, hesabu ndiyo kwanza ikaanza. Makadirio ya kwanza yalitaja vifo takriban 4,000 zaidi ya kawaida, na uchambuzi uliochapishwa karibu miaka 50 baadaye ukaipandisha idadi hadi kufikia 12,000 kwa kuhesabu pia waliokufa katika wiki na miezi iliyofuata. Wengi walikuwa wazee, watoto wachanga na wenye maradhi ya mapafu na moyo. Mwaka 1956 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Hewa Safi iliyobana uchomaji wa makaa yenye moshi mijini.

Kabla ya London yalikuwa yametangulia maafa mawili madogo zaidi yenye sura ileile, yote katika mabonde yenye viwanda: bonde la mto Meuse nchini Ubelgiji, Desemba 1930, walikokufa watu zaidi ya 60, na mji wa Donora huko Pennsylvania, Marekani, Oktoba 1948, walikokufa watu 20. Katika kila tukio viwanda vilikuwapo kabla ya siku za maafa na vilikuwapo baada yake. Kilichobadilika siku zile ni hewa iliyokataa kuchanganyika.

Mazuku ya Goma

Wasomaji wa Kiswahili wanao mfano wa karibu zaidi, na wenye jina la kienyeji. Katika mji wa Goma na vitongoji vyake, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kati ya volkano ya Nyiragongo na Ziwa Kivu, yapo mabonde madogo na mashimo ambamo gesi ya kaboni dayoksaidi hupenya kutoka ardhini. Wenyeji huyaita mazuku, yaani pepo mbaya. Gesi hiyo haina rangi wala harufu inayoonya, na ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara moja na nusu, hivyo hutuama mahali pa chini kama maji katika kisima.

Mchana upepo na joto la ardhi huichanganya na hewa na kuipunguza nguvu. Usiku na alfajiri, msukosuko unapokoma, hujikusanya tena. Gesi hiyo ikizidi asilimia 10 ya hewa, mtu hupoteza fahamu ndani ya dakika chache. Walio hatarini zaidi ni mbuzi, mbwa, watoto na watu waliolala chini, kwa kuwa kichwa chao kiko ndani ya gesi ilhali cha mtu mzima aliyesimama kinaweza kuwa juu yake. Mahali palepale alipopita mtu saa 8 mchana bila kudhurika panaweza kuua saa 11 alfajiri. Imani za kale kuhusu pepo wa usiku katika mabonde hayo zilikuwa na msingi wa kweli, hata kama maelezo yake yalikuwa mengine.

Hali ilivyo kwetu

Miji yetu haina baridi ya London wala, kwa sehemu kubwa, gesi ya Goma. Tatizo letu liko katika ratiba. Majiko ya kuni na mkaa huwashwa alfajiri na magharibi. Taka za uani hufagiliwa na kuchomwa jioni, baada ya kazi, au asubuhi na mapema. Magari ya abiria hujazana vituoni kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya moshi wa siku hutolewa katika saa chache ambazo hewa ina uwezo mdogo kabisa wa kuupokea. Katika miji iliyozungukwa na milima, kama Mbeya, hali huongezewa na hewa baridi inayoteremka usiku kutoka miteremkoni na kutuama bondeni. Miji ya pwani hupata nafuu ya upepo wa baharini wakati wa mchana, ila nafuu hiyo nayo hupungua jua linapozama.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo takriban milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na katika mwongozo wake wa mwaka 2021 linashauri chembechembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5 zisizidi mikrogramu 15 katika mita moja ya ujazo ya hewa kwa wastani wa saa 24. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Mara nyingi lengo hilo huelezwa kwa hoja ya misitu na ya jikoni. Hoja ya hewa ya mtaa mzima wakati wa alfajiri haina uzito mdogo kuliko hizo, kwa sababu anayepikia gesi leo bado anavuta moshi wa majirani 20 wanaopikia mkaa chini ya kifuniko kimoja naye.

Kuhusu uchomaji wa taka, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu, na njia sahihi ni kuzikusanya na kuzipeleka panapostahili. Wapo wanaouliza kama basi ni salama kuzichoma adhuhuri, hewa inapochanganyika. Jibu ni kwamba msukosuko hupunguza wingi wa sumu mahali pamoja lakini hauiondoi, na plastiki iliyochomwa mchana imechomwa vilevile. Isitoshe, saa inayotawanya moshi vizuri ndiyo saa ya upepo na ukavu, na cheche moja ya wakati huo inaweza kuanzisha moto wa nyika. Hakuna saa njema ya kuchoma taka.

Wakulima wanaonyunyizia dawa wana jambo la kuangalia zaidi ya upepo mkali. Wengi wanajua kuwa upepo hupeperusha dawa, hivyo huchagua alfajiri tulivu. Tahadhari hiyo ni nusu tu. Chini ya kifuniko cha hewa baridi, matone madogo kabisa hayaanguki wala hayatawanyiki, bali huelea kwa pamoja kama wingu jembamba na huweza kuhamia shamba la jirani, mizinga ya nyuki au uani kwa watu, yakiwa bado na nguvu. Wakati unaofaa ni asubuhi jua likiwa limekwisha kupasha ardhi, saa mbili au tatu baada ya kuchomoza, kukiwa na upepo mwepesi usiozidi takriban kilomita 15 kwa saa wenye mwelekeo unaojulikana.

Katika nyanda za juu kusini, hususan Njombe na Makete, usiku wa aina hiyohiyo kati ya Juni na Agosti huleta sakitu inayounguza viazi na mboga. Shamba la bondeni huungua ilhali lile la mteremkoni, mita 30 juu yake, limesalimika. Katika nchi nyingine wakulima wa matunda husimamisha feni kubwa juu ya minara ili kuivuta hewa ya joto ya juu na kuichanganya na ya chini, yaani wanautengeneza kwa mashine ule msukosuko uliokosekana. Kwa mkulima mdogo gharama hiyo haifikiriki, na kuchagua vema mahali pa kupanda mazao yasiyostahimili baridi kunabaki kuwa kinga yake kubwa.

Utulivu huo, ambao ni adui wa mapafu na wa viazi, ni rafiki wa rubani. Maputo yanayobeba watalii juu ya Serengeti hurushwa alfajiri, kabla hewa haijaanza kuchemka, na abiria wa ndege ndogo husumbuliwa kidogo asubuhi kuliko adhuhuri.

Kusoma taarifa kwa jicho hili

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, inayofanya kazi chini ya Sheria Na. 2 ya mwaka 2019, hutoa tahadhari za upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2, na tahadhari hizo zimeokoa maisha ya watu wengi wa pwani na wa maziwa. Kasi ya upepo katika taarifa, kwa utaratibu wa kimataifa, ni ile ya kimo cha mita 10 juu ya uwanja wa wazi. Uani, kati ya kuta na miti, upepo huwa mdogo kuliko huo. Kinachotokea juu zaidi hupimwa kwa maputo yenye vyombo vya kupimia joto, unyevu na upepo, ambayo saa zake za kawaida duniani, kwa saa za Afrika Mashariki, ni saa 9 usiku na saa 9 alasiri. Kwa bahati njema saa hizo mbili huangukia kipindi cha utulivu mkubwa na kipindi cha msukosuko mkubwa, hivyo vipimo viwili vya siku moja huonyesha kifuniko kikiwapo na kikiwa kimeondoka.

Mwananchi asiye na puto anaweza kuunganisha mambo matatu ambayo kwa kawaida yamo katika taarifa: anga bila mawingu, upepo hafifu, na tofauti kubwa kati ya joto la juu la mchana na joto la chini la usiku. Yakikutana yote, hewa ya chini italala. Dalili za macho nazo zipo, kama vile umande mzito juu ya majani, ukungu uliotandaa mabondeni peke yake, na moshi unaopanda kidogo kisha ukalala kimlalo badala ya kupotea.

Kwa familia yenye mtu anayeugua pumu au mapafu, siku kama hiyo madirisha yanayotazama mtaa wenye moshi ni afadhali yafunguliwe kuanzia saa 3 au saa 4 asubuhi kuliko alfajiri, na mazoezi ya kukimbia barabarani yasogezwe hadi wakati huo. Ushauri huu hauhusu kabisa nyumba ambayo ndani yake kuna jiko la mkaa linalowaka. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua katika chumba kilichofungwa kwa saa yoyote ya mchana au usiku, na katika mikoa ya baridi wapo wanaoliingiza jiko chumbani ili wapate joto la kulalia. Jiko hilo litolewe nje kabla ya kulala, na mlango ufunguliwe hata kama nje kuna moshi.